Betri Mbili za Papa Faustin

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Keren alifagia uwanja wa nyumba yao kule Katuba, akachota maji kwa jirani, kisha akaenda kuangalia chaja. Kazi hiyo alipewa na baba yake, na aliionea fahari. Chaja ilikaa chini ya dirisha lililoachwa wazi, na kando yake betri mbili nyeusi za mtumbwi. Taa nyekundu maana yake bado. Taa ya kijani maana yake zimejaa.

Mota ya mtumbwi iliyotumia betri hizo iliingia nyumbani kwa mabishano mengi. Papa Faustin, baba yake Keren, alivua samaki katika bwawa moja kubwa upande wa Annexe, pembezoni mwa mji, na mwenye bwawa hakutaka injini ya petroli ichafue maji yake. Ikabidi itafutwe ya umeme. Tonton Edouard, mdogo wake baba, aliyekuwa akishughulika na mizigo mpakani Kasumbalesa, alileta habari za mota mbili: ndogo ya betri moja, na kubwa ya betri mbili. Mama Germaine, mkewe Faustin, alitaka ile ndogo, akisema mtumbwi wenyewe tayari unakaa chini majini, wataongezaje uzito? Baba akajibu kwamba mchana upepo wa bwawani unasukuma, na nyavu zikijaa, mota ndogo itajikaza mpaka betri ikauke njiani. Kubwa ingeenda polepole bila kuhema. Wakachukua kubwa.

Baba alitaka pia betri kuukuu za lori, kwa kuwa zilikuwa rahisi. Edouard akamcheka. Alisema betri ya lori inatoa nguvu zake mara moja, inawasha injini, halafu inalala. Ya mtumbwi inatakiwa kutoa kidogo kidogo, siku nzima.

Siku ya kuzifunga, Edouard alimwita Keren aone. Aliunganisha betri moja na nyingine kwa waya mfupi, nguvu zao zijumlike.

"Hizi ni kama bantu babili wanabeba boriti," alisema. "Mumoja akiachilia, mwenzake atafanya nini? Zinakunywa pamoja, zinatoa pamoja. Usichote kwa moja tu. Unasikia, mutoto?"

Keren alisema amesikia.

Jioni moja umeme ulikatika mtaa mzima. Mama alikuwa bado sokoni na baba kwenye maombi. Chancelvie na Abigaël, marafiki wa Keren, walikuwa wamekuja kutazama mchezo wa televisheni waliokuwa wakiufuata.

"Kwenu kuko betri mbili kubwa hivi, na sisi tunakaa mu giza?" Chancelvie alisema.

Abigaël akasema wamwache Keren na betri zake, labda anangoja ziwe kubwa aolewe nazo. Wakacheka. Keren naye akacheka, lakini maneno yalimchoma. Televisheni yao ndogo ilihitaji nguvu ya betri moja tu, mbili zingeiunguza. Akafungua waya mfupi, akabana nyaya za televisheni kwenye betri moja. Picha ikatokea. Walitazama mpaka mwisho, na kesho yake, umeme ukiwa bado haujarudi, wakarudia. Kila mara, kabla wazazi hawajarudi, alirudisha waya mahali pake.

Umeme ulirudi alfajiri iliyofuata. Baba alipokuwa akivaa buti, taa ya chaja ilikuwa bado nyekundu.

"Keren, betri iko namna gani?"

Angesema nyekundu, baba angeuliza kwa nini, wakati zilijaa kabla umeme haujakatika na tangu hapo hakwenda bwawani.

"Iko vert, papa. Imejaa."

"Basi mota inanitosha," baba alisema, akimfikiria mvuvi mwenzake. "Kasia langu namwazima Désiré. Lake lilivunjika."

Baba alizing'oa betri kwenye chaja bila kuinama kuangalia taa, kwa kuwa alikwisha jibiwa. Akazipakia kwenye pikipiki ya mizigo. Keren alisimama na fagio mkononi. Alijua bwawa limejaa kwa mvua, na maji yanamwagika juu ya ukuta wake usiku na mchana. Aliitazama pikipiki ikiondoka. Akamaliza kufagia.

Shuleni mwalimu alizungumza, naye akaandika. Alirudi, akala. Wanawake wanaonunua samaki kwa mama yake walikaa barazani na mabeseni matupu, na saa ya samaki ikapita. Mama alipiga simu. Ya baba haikupatikana. Alijituliza kwamba barabara ya Annexe imeharibika, kwamba pikipiki imekwama mu matope. Kisha akapiga tena.

Keren aliosha sufuria. Hakulia. Hakuhisi hata hofu. Ndani yake palikuwa pamekufa ganzi kama mguu uliolaliwa vibaya, na mikono iliyosugua ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Hiyo sufuria umeiosha tangu wakati gani?" mama aliuliza.

Keren aliitazama. Ilikuwa safi.

"Mama, taa haikuwa vert," alisema. "Ilikuwa rouge. Nilitumia betri moja kwa televisheni."

Mama Germaine hakumpiga wala hakumfokea. Alimpigia Désiré, akamwambia Faustin hana mota wala kasia, atazame upande wa ukuta. Désiré alikuwa amekwisha toka majini, akidhani mwenzake ametangulia nyumbani. Akarudi na wavuvi wengine wawili.

Walimkuta Papa Faustin amesimama majini hadi kifuani, karibu na pale maji yanapomwagika, mkono mmoja umeshika matete na mwingine mtumbwi. Mota ilizimika katikati ya bwawa, na upepo ukamsukuma huko. Simu ilikuwa imelowa. Alikuwa hawezi tena kufungua vidole vyake. Désiré alivifungua kimoja kimoja.

Jioni alikaa karibu na jiko, amefunikwa blanketi. Keren alipiga magoti akasema yote, pamoja na habari za Chancelvie na Abigaël. Baba alisikiliza, meno yakigongana kwa baridi. Mama ndiye aliyejibu.

"Betri ikiisha, tunaijaza," alisema. "Baba yako akiisha, tutamjaza na nini? Ungesema rouge asubuhi, angekukaripia kidogo, angechukua kasia lake, angerudi na samaki. Uongo wako ulikuwa mudogo, neno moja. Ona umebeba mutu muzima mpaka wapi."

Hapo ndipo Keren alipolia.

Papa Faustin aliporudiwa na nguvu, aliingia chumbani akavaa buti. Keren alidhani kwamba kazi ya chaja amepewa mwingine. Lakini baba aliuliza kama zamani:

"Keren, betri iko namna gani?"

Alikwenda chini ya dirisha, akainama, akaangalia mara mbili.

"Iko rouge, papa. Bado."

Baba alikaa, akaanza kufungua buti.

"Basi tunangoja," alisema. "Jibu kama hilo ndilo linanirudisha nyumbani."