Jina la Abedi Chilungu

Jambo la kwanza lililomuudhi Masika lilikuwa vumbi. Alikuwa amekipiga deki chumba kizima jioni, na asubuhi, kabla chai haijachemka, akakuta vumbi jeupe, laini kama unga wa muhogo, upande mmoja tu wa kitanda. Upande wa mumewe, Joël.

"Baba Arlène, unatosha wapi hii vumbi? Unaileta toka wapi?"

"Mimi? Si nililala hapa na weye?"

Joël akakohoa. Alikuwa akikohoa tangu Jumatatu, siku alipopewa jina la mtu mwingine.

Jina hilo Masika ndiye aliyempa. Jengo lao la mtaa wa Jeppestown, ghorofa nne, katika mji huu wa dhahabu, lilikuwa na kesi. Mwenye jengo alikuwa amelitelekeza miaka kumi na tano bila kubadilisha hata balbu, kisha ghafla akakumbuka ni lake na kutaka watu wote watolewe. Wakili wao, Steve, aliwaambia waandike historia ya jengo na idadi ya wakazi, jina kwa jina, ili korti isiwatupe barabarani. Asiyekuwemo kwenye orodha hatapewa pa kwenda. Masika alikuwa mwalimu kwao Butembo kabla ya kuwa fundi cherehani hapa, kwa hiyo kazi ikawa yake.

Joël ndiye aliyekataa kuandikwa. Maombi yake ya ukimbizi yalikuwa yamekataliwa mara mbili. "Jina yangu ikifika kortini, kesho yake wananipandisha ndege," alisema.

Basi Masika akatumia kitabu. Alikipata juu ya dari ya ofisi ya zamani, kimefungwa kwa turubai, kitabu cha enzi jengo hili lilipokuwa la kulaza wachimbaji wa dhahabu. Kila mtu jina, alikotoka, na alama mbili kwa siku: ya kushuka mgodini na ya kupanda. Abedi Chilungu, wa Nyasa, alikuwa na alama ya mwisho ya kushuka. Ya kupanda haikuwepo.

"Huyu amekufa," Masika alisema. "Hatalalamika." Akaliandika jina mbele ya chumba chao.

Kuanzia siku hiyo, kila saa kumi na moja alfajiri, ngazi zililia kwa viatu vizito. Watu wa ghorofa ya tatu walidhani ni wa ghorofa ya pili, na wa ya pili walidhani ni wa ya tatu. Harufu ya mwamba uliolowa na baruti iliyoungua ikaingia hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Alhamisi Masika aliamka akakuta kitanda kitupu, akashuka mbio pekupeku, na huko chini kabisa, mahali ngazi zinapoishia kwenye zege, akamkuta mumewe amesimama amevaa, macho wazi, akikanyaga zege kwa mguu mmoja, taratibu, tena na tena, kama mtu anayetafuta ngazi inayofuata, na alipomshika mkono aliusikia wa baridi na umelowa, na chini ya zege, ambako hakuna chumba wala shimo linalojulikana na yeyote, kulikuwa na wanaume wengi wanakohoa.

Pasta wao alikuja, akaomba kwa kupaza sauti saa mbili nzima, akaondoka na shati limelowa. Joël alikuwa hata hajapepesa macho.

Jumamosi saa tisa mchana, mvua ya radi ikiwa inakusanyika, Masika akameza aibu yake ya Kikristo na kumwita Ishaka, Mrundi wa Buyenzi aliyeuza dawa za miti kule Hillbrow. Ishaka alifukiza ubani, akamketisha Joël kwenye mkeka, akamfunika shuka jeupe.

"Karibu, mgeni," alisema kwa upole. "Umekalia kiti cha watu, mwili huu una mwenyewe. Taja jina lako, tuongee."

"Sina," ilisema sauti isiyo ya Joël.

"Kila mmoja ana jina."

"Langu analo huyu."

Ishaka akamgeukia Masika, uso umembadilika. Alinong'ona, "Mama Arlène, mumefanya nini? Mimi jini ninamtoa kwa kumwita. Huyu nitamwita nani?"

Sauti ikaendelea, haikupanda wala kushuka. "Walichukua mgongo wangu, wakachukua na mapafu. Nilishuka, na hakuna aliyeandika kwamba sikupanda. Nilibaki na jina tu. Na wewe, mama, ukalichukua. Sasa likiitwa, huyu ndiye anayeshuka. Kesho zege itafunguka."

Masika alipandwa na hasira. Aliukasirikia mji huu, uliokuwa majani matupu hadi mtu alipookota dhahabu, na miaka kumi baadaye watu laki moja walikuwa wanalala hapa. Vitabu vinawataja mabwana wenye ndevu walionunua, vikanyamaza kuhusu waliochimba. Alimkasirikia mwenye jengo. Na zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu alikuwa amefanya kama wao. Akiliacha jina lile, mumewe atashuka. Akilifuta, wanaweza kumpandisha ndege. Alichukua kalamu.

"Baba Arlène anisamehe," alisema. "Afadhali afukuzwe akiwa hai."

Alikata jina, akaandika kwa herufi kubwa: PALUKU JOËL.

Radi ikapiga. Shuka likalala chini ghafla, na Joël akatapika vumbi jeupe, akaomba maji kwa sauti yake. Ishaka alikuwa bado anamshukuru Mungu waliposikia viatu. Havikuondoka. Vilisimama chini yao, vingi, vinangoja.

"Wanataka nini tena?" Ishaka alinong'ona.

Masika alijua. Alikifungua kitabu, akageuza ukurasa wa orodha, akamwandika Abedi Chilungu mahali pake mwenyewe. Alishuka, hakupanda. Kisha aliyemfuata. Aliandika hadi Jumapili, kalamu ikitoboa karatasi kwa hasira, wote wasio na alama ya pili. Walifika mia tatu na arobaini.

Alhamisi iliyofuata akaja afisa wa mji kuhakiki orodha. Wakazi walijipanga uani, naye akawaita mmoja mmoja.

"Paluku Joël?"

Joël alimtazama mkewe. "Niko," akasema, na sauti ilikuwa yake.

Afisa akaweka alama, akageuza ukurasa, akakunja uso. "Hawa wote ni nani? Mnatutania?"

"Wakazi," Masika alisema. "Ulitaka idadi."

Yule bwana akacheka. "Haya. Abedi Chilungu?"

"Niko," ilijibu zege chini ya viatu vyake.

Kicheko kikakatika. Vumbi jeupe lilianza kupanda kwenye nyufa, likatulia juu ya viatu vyake vilivyong'arishwa. Alitaka kuifunga orodha, lakini Masika alimshika kifundo cha mkono.

"Soma, baba," alisema. "Bado mia tatu thelathini na tisa, na wote wamesikia umeanza."