Kataa Wote

Walikutana mchana, kwenye foleni ya duka la vifaa vya kompyuta, watu wamebanana. Mchora ramani za nyumba, gauni la kijani na penseli nyuma ya sikio, alikuwa akilalamika kwamba kompyuta yake ya nyumbani, yenye mfumo wa Linux, inazungumza na watu asiowajua. Aliyekuwa mbele yake, fundi wa mitandao, shati limepigwa pasi likanyooka, akageuka.

"Kompyuta haina kosa, dada. Mlango wako hauna bawabu."

"Na bawabu ndiye wewe?"

"Nikipewa chai, ndiyo."

Chai ikazaa chai, na dada akawa mpenzi. Fundi akamwekea ukuta wa ulinzi kwenye kompyuta: kataa wote wanaobisha kutoka nje, na kila anayekataliwa aandikwe kwenye daftari la kompyuta. Kesho yake akasafiri kikazi, wiki nzima. Simu ya mchora ramani ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji, basi wakapatana kwamba fundi atampigia kwenye kompyuta kila jioni.

Jumatatu, kimya. Jumanne, kimya. Masikini, mwanamke wa watu alijipamba, akakaa mbele ya kompyuta mpaka chai ikapoa. Siku ya tano akamwambia dada yake, "Kumbe nilipendwa mdomoni tu!" Akalia, ramani ya mteja ikalowa.

Fundi aliporudi alikuta mlango nusu wazi na mkono kiunoni.

"Umefuata nini?"

"Mimi ndiye wa kuuliza! Nimepiga mpaka vidole vimeota sugu, hupokei!"

"Mwongo mkubwa wewe."

"Haya, niache niangalie."

Akafungua daftari. Mistari ikashuka, anwani ni ile ile moja: imekataliwa, imekataliwa, imekataliwa. Fundi akajipiga kipaji cha uso.

"Mama yangu! Nimekataa wote, nikajisahau mwenyewe!"

Mchora ramani hakucheka. Alikuwa akihesabu kwa kidole.

"Jumatano peke yake mara kumi na tisa. Hii ya mwisho ni ya asubuhi ya leo. Ulidhani nimekukataa, na bado unabisha?"

"Nilidhani umenichoka. Sasa ningefanyaje? Nakupenda."

Akamsukuma kwa bega, akavuta kibodi.

"Nionyeshe ruhusa inavyoandikwa."

"Ya siku ngapi?"

"Ya mume," akasema, bila kuinua macho.