Uwanja wa Stefano

Kila asubuhi Emiliana alitoka nyumbani na fagio la vijiti begani. Shule yao, si mbali na Shelui, ilisifiwa kwa usafi. Wanafunzi walifagia uwanja mpaka udongo ukabaki mtupu.

Mvua za mwaka jana zilichimba chini ya ukuta wa darasa la pili. Ukuta ukaanguka. Stefano, mdogo wake Emiliana, alikuwa ndani. Walimzika kesho yake.

Tangu hapo mama yao, Lea, hakumruhusu Emiliana kwenda shule.

Jioni moja Mwalimu Melkiori alikuja. Lea hakumpa kigoda.

"Emiliana yuko darasa la saba, mama," mwalimu alisema.

"Mmoja mmeshamla. Huyu niacheni naye."

"Basi njoo wewe. Uone wanachofanya wenzake."

Lea alikwenda, uso umekunjwa. Msichana aitwaye Damari alimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona leo hamfagii?"

"Tumeacha. Tazama."

Damari alimwaga ndoo ya maji kwenye udongo mtupu. Maji yalikimbia mekundu mpaka kwenye msingi wa darasa. Akamwaga nyingine penye nyasi. Maji yalitulia, yakazama.

"Nyasi zinashika udongo," alisema. "Sisi tulikuwa tunaziondoa."

Lea aliangalia mikono yake. "Mafagio yale niliyafunga mimi."

"Shule nzima ilifagia," mwalimu alisema. "Na msingi wenyewe haukwenda chini vya kutosha. Sasa fundi anauimarisha. Wanafunzi wanapanga mawe kukinga mteremko, na kupanda nyasi."

"Mbuzi watazila."

"Hapo ndipo tulipokwama, mama," alisema Damari.

Kesho yake Lea alikuja na panga. Akakata miiba, wazazi wengine wakamfuata, wakazungushia ua. Emiliana alibeba mawe pamoja na wenzake.

Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, Lea alikwenda kusimama kando ya darasa, kanga imelowa. Maji yaligonga mawe, yakapungua nguvu, yakapotelea nyasini. Ukuta ulisimama.

"Kesho uende," alimwambia Emiliana.

Jumapili Lea alikwenda kaburini kwa Stefano. Kila wiki alikuwa akilifagia, na kila mvua ilipunguza udongo. Safari hii hakubeba fagio. Alichimba taratibu, akapanda nyasi.