Kizibo Kisicho na Muhuri

Jumamosi asubuhi, katika soko la Capucins mjini Bordeaux, watu wakigombea chaza, Clothilde alimkanyaga mtu mguu. Aligeuka kuomba radhi, akakutana na kijana mrefu mwenye koti la sufu la buluu, kucha zimeingia rangi ya zabibu.

"Kanyaga na wa pili basi," kijana alicheka, "usije ukaona wivu."

Aliitwa Anselme, mtoto wa shamba la mizabibu la Vaumorin. Clothilde aliuza mvinyo mjini humo humo, na kazi ilimfunza kutomwamini mtu. Lakini huyu alimwamini, tena haraka, hata akajiogopa.

Siku ya kuzaliwa ya Clothilde, Anselme alimpelekea dukani chupa ya mwaka 1989, mwaka aliozaliwa: mvinyo mwekundu wa zabibu za merlot na cabernet, uliotengenezwa na marehemu mama yake Anselme. Clothilde alipoizibua peke yake, moyo ulimlipuka. Lebo ilikuwa imefubaa, ila kizibo kilikuwa kipya, hakina hata muhuri wa shamba. Matapeli ndio hujaza mvinyo wa ovyo katika chupa kuukuu namna hiyo. Hakuonja. Alikirudisha kizibo, na simu ikalia.

"Kipenzi, umeonja?"

"Kipenzi waite hao unaowajazia chupa!"

Akakata. Wiki nzima hakupokea simu, na wiki nzima alilia.

Siku ya nane alifunga safari hadi Vaumorin, chupa kwapani. Ghalani aliwakuta Anselme na baba yake, Mzee Gaspard, wakizibua chupa za zamani na kuzimiminia mvinyo.

"Nimewafumania!"

"Binti, vizibo huoza," mzee alisema taratibu. "Kila miaka thelathini tunazibua, tunaonja, tunajazia kilichopungua kwa mvinyo wa mwaka uleule, tunaziba upya."

"Hilo nalijua, baba! Na kizibo kipya hupigwa muhuri. Changu kitupu!"

"Muhuri ni wa chupa za kuuza. Za mke wangu hatuzipigi, ili pasitokee mtu wa kuzinunua. Zilikuwa sita. Moja tuliitoa kujazia zile nyingine. Moja Anselme akakupa wewe."

Clothilde aliitoa chupa kwapani. Anselme aliichukua ile chupa, akamimina glasini, akanusa.

"Imeingia hewa tangu ulipoizibua, imeshakuwa siki," alisema.

"Nisamehe, Anselme. Nimeiharibu kazi ya mama yako."

 Anselme aliimaliza glasi yote, uso umemkunjamana, machozi yakimtoka, na Clothilde hakujua kama ni ya siki au ya mama.

"Mama naye hakumwamini baba mwaka mzima," alisema hatimaye, akipangusa mdomo. "Zimebaki nne. Moja nataka tuifungue siku ya harusi yetu. Utakubali kuinywa?"

Clothilde alimrukia shingoni, akamkumbatia mpaka glasi ikaanguka.

"Nitakubali," alimnong'oneza. "Ila naizibua mimi, na nitaonja kwanza."