Hatua Arobaini za Mzee Mihayo

Gari lilimtambua Mzee Mihayo Kasubi siku tatu baada ya kuzikwa.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, mtaa wa Picha ya Ndege, katika Kibaha iliyokwisha kuwa jiji. Gari lilikuwa limelala chini ya kivuli cha paneli za jua. Macho yake manane ya chini, yaliyofichwa ndani ya bampa, yaliona miguu ikitoka uani. Hatua ya kulia ndefu, ya kushoto fupi, kisigino kinachosugua kokoto, na kila baada ya hatua ya saba kituo kidogo, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha kitu ndani. Masikio yake yalisikia kikohozi cha kusafisha koo. Ilipotimia hatua ya arobaini mlango ukafunguka wenyewe, kiti kikarudi nyuma, na sauti ya upole ikasema, "Karibu, Mzee Mihayo. Siku tisa hujaonekana." Kisha gari likaondoka zake.

Kengele ililia kwenye meza ya Mhandisi Sikudhani Shemweta, kwa sababu mtoto wa marehemu alikuwa ameshaiarifu kampuni juu ya msiba. Sikudhani alikuwa mkaguzi mkuu wa wizi wa magari. Kazi hiyo ilimfaa, maana alikuwa mwanamke wa kutilia shaka hata chai aliyojipikia mwenyewe. Ijumaa, faili hilo lilipofikiwa zamu, alisoma kumbukumbu ya gari mara mbili, akaona lilikwenda makaburini, likasimama huko saa nzima, likarudi mtaa uleule na kuingia kwenye uwanja wa nyumba ya jirani. Tangu hapo halikusogea. Machale yakamcheza. Mwizi gani anaiba gari na kuliegesha ng'ambo ya barabara?

"Kuna namna hapa," alijisemea, akachukua mkoba.

Wenye umri wanakumbuka tulikotoka. Magari ya kwanza yasiyochomekwa ufunguo yalifunguliwa na rimoti iliyokuwa ikitoa mawimbi muda wote, hata ikiwa imelala mezani sebuleni. Mwizi mmoja alisimama nje ya ukuta na kisanduku, akayanasa mawimbi hayo, akamrushia mwenziwe aliyekuwa kando ya gari, na gari likadhani mwenyewe kafika. Watu wakaanza kuficha rimoti kwenye makopo ya maziwa na ndani ya sufuria zenye mifuniko. Ilikuja alama ya uso, mashine zikajifunza kughushi nyuso. Ilikuja sauti, zikaghushi na sauti. Ndipo Sikudhani na wenzake walipobuni kisomamwendo, na wezi wa magari wakabaki mikono mitupu.

Kisomamwendo hakikupima uzito, kwa kuwa watu hubeba magunia, hupata mimba na hukonda mwezi wa Ramadhani. Kilisoma mdundo: namna mtu anavyoitua miguu yake chini, anavyoyumba, anavyopumua akitembea. Walikijaribu kwa roboti waigaji mia mbili waliolishwa filamu za mtu mmoja kwa miezi. Hakuna aliyevuka hatua ya kumi. Wakaleta wezi wastaafu, nao wakaumbuka. Sikudhani akaandika kwa mkono wake sentensi iliyoingia kwenye kitabu cha mwongozo, na baadaye ikasomwa mahakamani: hakuna binadamu wala mashine inayoweza kutembea kama mtu mwingine kwa hatua arobaini.

Sentensi hiyo ilikuwa imemfunga kaka yake.

Zuberi alikuwa dereva wa ushirika wa wakulima wa machungwa kule Muheza. Gari la ushirika lilipotea mchana kweupe, na kumbukumbu zikasema Zuberi mwenyewe alilifungua. Yeye aliapa kuwa alikuwa kwa kinyozi. Kinyozi alisema hakumbuki. Wakili wa Zuberi akamwita Sikudhani kizimbani akidhani damu itakuwa nzito, atalegeza kidogo. Sikudhani hakulegeza. Alisema mashine haina undugu, na kaka yake akapata miaka mitano. Mama yao alimwambia neno moja tu siku ile, wakiwa kwenye ngazi za mahakama: "Mashine yako haikumzaa Zuberi. Nimemzaa mimi." Miaka mitatu ilikuwa imepita, na Sikudhani hakuwahi kwenda gerezani kumwona, kwa kuwa aliona mkosaji ni Zuberi, na mkosaji ndiye wa kuomba radhi.

Mjane wa Mzee Mihayo aliitwa Nyanzala. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na khanga zake nyeupe, amenyoosha miguu.

"Shikamoo mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa."

Sikudhani alikaa ukingoni mwa mkeka na kueleza amekuja kwa sababu ya gari. Alimtazama mama yule usoni alipolitaja, kama alivyozoea kuwatazama watu.

"Mama, gari lilichukuliwa Jumatatu. Unamjua aliyelichukua?"

"Namjua."

"Nani?"

"Mwenyewe. Mihayo." Bi Nyanzala akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Sikudhani hakucheka. Katika miaka yake kumi na miwili ya ukaguzi alikuwa amewaona wajane wanaolia, wanaonyamaza na wanaogombea mashuka. Anayecheka siku ya saba, hapana. Alianza kupanga kesi kichwani: mzee kafa kweli au amefichwa? Nani aliona maiti? Akauliza, kwa adabu iwezekanavyo, kama kuna mtu wa familia anayefanana na marehemu, ndugu labda, au pacha.

"Unadhani nimemficha mume wangu darini?" Bi Nyanzala alimwuliza taratibu. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Nimemwosha uso mwenyewe, mwanangu. Gari lipo hapo ng'ambo kwa Bi Tatu Pazi. Nenda kalione. Na ukienda, mwambie jogoo wake anatafutwa, asiwe na haraka."

Jogoo gani tena? Sikudhani aliandika neno hilo kwenye kishikwambi chake na kulipigia mstari.

Uwanja wa Bi Tatu ulijaa miche ya miti kwenye vifuko vyeusi. Katikati ya miche lilisimama gari la Mzee Mihayo, na gurudumu lake la mbele limefungwa kamba ya katani kwenye kigingi, kama mbuzi. Bi Tatu mwenyewe alikuwa mama mfupi, mnene, wa miaka sitini na kitu, mikono imejaa udongo. Ukimweka pembeni ya marehemu, mrefu na mkavu kama alivyoonekana kwenye picha, ungeona watu wawili wasiochangia hata kivuli.

"Nimelifunga lisitoroke," alisema kabla hajaulizwa. "Gari la Mnyamwezi halina adabu."

"Mama, mimi natoka kampuni ya vitambuzi. Gari hili limefunguliwa kwa alama ya mtu aliyekufa. Hilo ni kosa la jinai. Naomba unionyeshe kifaa ulichotumia."

"Kifaa?"

"Kifaa cha kughushi mwendo. Nikikipata kwa hiari yako, nitaandika hivyo. Nisipokipata, nabonyeza hapa gari linaganda na polisi wanakuja." Alimwonyesha kitufe chekundu kwenye kishikwambi.

Bi Tatu alinawa mikono kwenye ndoo bila haraka. Akajipiga paja. "Kifaa changu hiki hapa. Wewe kwenu wapi?"

"Muheza."

"Na hamna watani huko? Mimi Mzaramo. Mihayo Mnyamwezi. Mtani wangu akifa, nikae tu nalia kama mfiwa? Kazi yangu ni kuvaa koti lake na kofia yake, nipite mbele ya mkewe na wanawe, niwaonyeshe alivyokuwa. Nikimaliza, nakamata kitu chake kizuri kuliko vyote na nakaa nacho mpaka wanikomboe kwa jogoo. Ndivyo wazazi wetu walivyofanyiana tangu enzi za misafara. Mihayo angetangulia kunizika mimi, angechukua miche yangu yote."

"Kukamata sawa. Nauliza gari lilifungukaje."

"Lilifunguka lenyewe. Mimi napita namwiga, niko hatua mbili tatu kutoka kwenye gari, mlango huo, paa! Na likanisalimu. Watu wote uwanjani wakapiga yowe. Nikaona basi, kama gari limesema mimi ndiye Mihayo, acha nijipeleke makaburini nikajione."

Sikudhani alitabasamu tabasamu la watu wasioamini. Alimpekua kwa ruhusa yake: viatu, mifuko, hata kilemba. Hakuna kitu. Akalifunga gari kwa amri ya mkaguzi, akahesabu umbali, akamwambia arudie.

Bi Tatu alikwenda mpaka ukutani, akavaa koti la marehemu lililokuwa limetundikwa msumarini, akasimama kidogo ameinamisha kichwa. Alipogeuka, Sikudhani alihisi nywele zikimsimama. Mama yule mnene alikuwa amerefuka, hatujui kwa namna gani. Mguu wa kulia ulikwenda mbali, wa kushoto ukafuata kwa uvivu, kisigino kikasugua kokoto. Hatua ya saba akasita, akakunja uso, akaendelea. Akakohoa. Kwenye kishikwambi namba zilipanda: themanini, tisini, tisini na saba. Mlango ukafunguka.

"Karibu, Mzee Mihayo. Siku nne hujaonekana."

"Vua koti," alisema Sikudhani. "Rudia."

Alirudia. Gari likafunguka tena.

"Umejifunza kwa muda gani?"

"Sijajifunza. Miaka thelathini na moja amepita mbele ya uwanja huu kila asubuhi, na kila asubuhi nilimwiga nyuma yake, akigeuka ananitusi, tunacheka. Mtani humjui msibani, mwanangu, unamjua akiwa hai." Bi Tatu akalivua koti na kulikung'uta vumbi. "Jumatatu nilipotoka uani, Nyanzala alikuwa amekaa siku tatu hajatia kitu kinywani. Aliponiona akasema, huyo anakuja. Akala uji."

Sasa Sikudhani alielewa. Walileta roboti na walileta wezi, lakini hao walimtazama mtu kwa miezi tu ili wapate gari lake. Hawakufikiria kumleta mtu aliyecheka na mwenziwe miaka thelathini. Na mtu wa namna hiyo yuko kila mtaa.

Kisha wazo la pili likaja.

Zuberi alianguka kutoka kwenye mfenesi akiwa na miaka tisa. Tangu hapo mguu wake wa kushoto ulikuwa ukichora nusu duara, bega likipanda kila alipoutua, naye hupuliza pumzi kwa pua kama anayezima mshumaa. Kila mtoto wa mtaa wao alijua kumwiga. Na aliyeiga kuliko wote, aliyeitwa sebuleni wageni wakija ili awachekeshe, alikuwa mdogo wake wa kike, Sikudhani. Zuberi alikuwa akimkimbiza kwa kandambili mkononi, anacheka kuliko wageni.

Hakutaka kulifanya, na alijua atalifanya. Alifungua hazina ya alama za kampuni, akatafuta faili ya kesi ya Zuberi, akaihamishia kwenye gari kwa ruhusa ya mkaguzi. Alivua viatu vyake vya kazini, akaenda mpaka ukutani.

"Unafanya nini?" Bi Tatu aliuliza.

Alianza kutembea. Hatua tano za kwanza zilikuwa zake, za mhandisi, na aliona aibu. Akarudi, akaanza upya. Safari hii hakufikiria mguu. Alifikiria sebule ya mama yake, harufu ya mafenesi, na mvulana mlangoni anayejifanya amekasirika. Mguu wa kushoto ukachora duara lake wenyewe. Bega likapanda. Akapuliza kwa pua. Alihesabu moyoni, kumi, ishirini, na kadiri alivyohesabu alizidi kuomba mlango usifunguke, ili arudi ofisini, aandike ripoti yake, na miaka mitatu ile ibaki ilivyo. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.

Mlango ukafunguka. Kiti kikasogea mbele kidogo, kama Zuberi alivyokipenda.

"Karibu, Zuberi. Miaka mitatu na miezi miwili hujaonekana."

Sikudhani alisimama palepale, mguu mmoja bado umepinda. Kati ya watoto wote wa mtaa ule, ni nani aliyetembea mpaka kwenye gari la ushirika mchana ule? Majina manane yalimjia, tisa. Angeweza kuwashuku wote, na shaka ilikuwa kazi yake. Ila hakuwahi kuishuku sentensi yake mwenyewe hata siku moja.

Bi Tatu alikuja akamshika mkono na kumkalisha kwenye mfuko wa mbolea.

"Huyo uliyemwiga ni nani?"

"Kaka yangu."

"Mungu amrehemu."

"Hajafa, mama," alisema Sikudhani, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Yupo hai. Nilimzika mimi."

Bi Tatu alimletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akamsubiri anywe. Sikudhani alipomaliza alikichukua kishikwambi, akafuta ombi la polisi, akafungua kitabu cha mwongozo kwenye ukurasa wa sentensi yake. Kisha akampigia wakili wa Zuberi, ambaye hakutaka kuamini anazungumza na nani.

"Niite tena kizimbani," alimwambia. "Waambie walete gari na kisomamwendo. Mimi nitakuja na miguu."