Tuta la Nsajigwa

Kila asubuhi kabla ya kengele, Erica alimwagilia miche ya kahawa kwenye kitalu cha shule yao, juu kidogo ya Isongole. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanafunzi wa kitalu hicho, Lusungu katibu, na Nsajigwa msimamizi wa maji. Walikuwa wameahidi kwamba mvua zikianza, kila kaya itapata miche. Wazazi wengi waling'oa mibuni yao kwa hasira bei ilipoanguka, na hakuna mkubwa aliyekuja kuwaeleza kwa nini.

Lakini Nsajigwa alikuwa haonekani tena kitaluni. Kila mmoja alikuwa na tuta lake la kumwagilia; la Nsajigwa, kubwa kuliko yote, Erica alilimwagilia kimyakimya.

"Mwenyekiti," Lusungu alimtania, "Nsajigwa amekuajiri lini?"

"Nyamaza wewe. Mwalimu akijua, mwenzetu ataaibika."

Kisha Erica akaugua malaria. Aliporudi, tuta la Nsajigwa lilikuwa limekauka, majani yanavunjika yakiguswa. Kaya nyingi zingekosa miche. Jioni alimweleza mama yake huku akilia.

"Umemwuliza mwenyewe?" mama aliuliza.

"Namwonea haya, mama. Tutagombana."

"Basi umechagua miche ife. Nenda na Lusungu mkamwulize."

Kesho yake Erica na Lusungu walimkuta Nsajigwa akichunga mbuzi.

"Tuta lako limekufa," Erica alisema. "Unaendelea na kazi au unaacha? Sema leo."

Nsajigwa alichorachora chini kwa fimbo. "Mara mbili nilikuja mkutanoni nikakuta nyie wawili mmeshaamua. Nikauliza, mkaniambia, 'Wewe lete maji tu.' Nikaona mnataka ndoo yangu, mimi hamnitaki."

"Si ungesema!" Lusungu alifoka.

"Na nyie si mngeuliza!"

Erica aliinamisha kichwa. "Hapo tulikosea. Lakini miche ilikukosea nini?"

Nsajigwa aliacha kuchora. Mwishowe alisema, "Naendelea. Ila tuamue wote watatu, palepale kitaluni. Nikitoroka tena, wekeni mwingine."

Jioni hiyo waling'oa miche iliyokufa, wakapunguza iliyosongamana kwenye matuta mengine na kuihamishia pale. Walibishana kwa sauti kuhusu nafasi ya kuacha kati ya mche na mche, hata mama yake Erica, akitoka shambani, akasimama.

"Shikamoo mama. Hatugombani," Lusungu aliharakisha kusema.

"Marahaba. Bishaneni tu! Chama chetu cha kahawa mnajua kilikufaje? Wanasema kiliuawa na soko huria. Soko lilitukuta tumeshaoza. Makamu mwenyekiti aliacha kuja vikaoni, nasi kwa haya tukawa tunasema yupo. Wanunuzi wenye malori walipokuja na bei yao ya dhuluma, aliyepaswa kusema nao hakuwepo, na sisi tukabaki tunatazamana. Mwenzako akilegea, usimfiche wala usimsengenye. Mwulize usoni, msikilize, kisha achague: afanye kazi au aachie nafasi."

Nsajigwa alikuwa ameshachukua ndoo, anashuka mtoni.

"Lete mbili!" Erica alimpigia kelele.

"Hilo tujadiliane kwanza!" alijibu, akicheka.