Ukuta Uliofunga Njia ya Maji

Ninyi mnaoishi kando ya Mto Voi, na ninyi mnaotafuta ploti karibu nao, yaliyomkuta Jemimah yanawahusu.

Jumamosi hiyo mtaa ulikuwa umetulia. Jua liliwaka, na Jemimah alikuwa uani akipeta kunde huku akiimba wimbo wa kwaya. Mumewe, Obadiah, alikuwa akikagua vyumba sita vya kupangisha alivyokuwa amemaliza kujenga upande wa chini wa ploti. Wapangaji wangeingia mwezi uliofuata. Kati ya vyumba hivyo na nyumba za majirani alikuwa amejenga ukuta mrefu wa mawe, akaliziba korongo linaloteremsha maji ya vilima vya Mbololo hadi mtoni.

Jemimah hakuupenda ukuta ule tangu jiwe la kwanza. Alizaliwa mtaa huo huo. Nyanyake alimsimulia mafuriko ya mwaka wa sitini na moja, watu walipokaa siku tatu juu ya tuta la reli. Na mwaka wa tisini na saba, akiwa msichana, aliona kwa macho yake mvua ya El Nino ikiwasomba ng'ombe wa baba yake katika korongo lilo hilo.

"Baba Lynn, hii ni njia ya maji," alikuwa amemwambia mumewe. "Basi acha hata matundu."

"Maji gani? Korongo ni kavu miaka yote. Tena mimi nina hati. Maji yana hati?"

"Hayana. Lakini yalipita hapa kabla hatujajua hati ni kitu gani."

Obadiah alicheka, akamwambia fundi aongeze simiti. Ni wangapi kati yetu tumewahi kucheka hivyo?

Saa nane mchana simu ililia. Alikuwa Morris, kaka yake anayeishi Mbololo. "Dada, huku imenyesha tangu alfajiri! Korongo linabeba miti. Toeni watu!"

Jemimah akawapigia majirani kelele watoke, lakini Voi hakukuwa na wingu, na wengi hawakuamini. Haikupita nusu saa, maji mekundu yakafika, yakaugonga ukuta, yakakosa pa kwenda, yakaanza kupanda kwenye nyumba za majirani. Ng'ambo ya ukuta, Katuku muuza mboga akapiga mayowe:

"Mama Lynn! Mama yuko ndani na mlango haufunguki!"

Mama huyo alikuwa amepooza miguu.

Jemimah akachukua sururu. Obadiah akamzuia.

"Ukivunja, maji yatapita kwenye vyumba vyangu!"

"Yapite."

"Jasho langu la miaka kumi na miwili!"

"Na yule ni mama wa mtu. Kama hutaki kupiga, usinishike mkono."

Akapiga. Akapiga tena, akilenga chini, penye mwisho wa ukuta. Jiwe la tatu lilipotoka, maji yakayasukuma mengine yote, na moja likamvunja mguu. Obadiah, aliyekuwa ameduwaa, akamrukia na kumvuta hadi kwenye ngazi za nyumba yao. Kutoka hapo waliviona vyumba vikianguka, kimoja baada ya kingine. Ng'ambo, maji yalishuka hadi magotini. Vijana wakauvunja mlango, wakamtoa mama yake Katuku juu ya godoro, akiwa hai.

Wiki tatu baadaye jamaa za Obadiah waliitisha kikao. Kaka yake mkubwa, Donald, alimtaka Jemimah aombe radhi kwa kuangusha mali ya mumewe. Jemimah alifika kwa magongo, akakataa kiti.

"Radhi nitamwomba Katuku, kwa sababu niliona ukuta ukijengwa nikaishia kusema tu. Kwa vyumba, siombi. Mkijenga tena, nitavunja tena. Mguu mmoja bado ni mzima."

Donald akafoka. Obadiah, aliyekuwa ameinamia sakafu, akainua uso.

"Mwacheni. Sijengi tena pale."

Alisema kwa uchungu, na hadi leo akipita upande ule hugeuza uso. Lakini korongo liko wazi.

FUNZO

Mto hauhami kwa sababu mtu amepata hati. Kabla ya kujenga karibu na maji, waulize waliozaliwa hapo yalipita wapi, na wakikuambia, sikia. Tamaa ya mmoja huingia na maji yake nyumbani kwa jirani. Na wewe unayemwona mtu akiziba njia ya maji, awe mumeo, awe mkubwa wako, usiishie kunung'unika. Kataa siku ya msingi, mawe yakiwa bado chini, kabla ya kuhitaji sururu na mguu wako.